Viti Vitano kwa Kaakaa la Klara

Risala ya wazazi na walezi kwa mgeni rasmi, siku ya ufunguzi wa Chumba cha Kliniki ya Pamoja, Dar es Salaam, Septemba 1981

Mgeni rasmi, ndugu yetu uliyeiacha meza yako ya Wizarani ukaja kukaa kwenye meza yetu;
Ndugu Mganga Mkuu wa hospitali hii;
Ndugu Polycarp, Katibu wa Jopo la Wataalamu;
Ndugu wataalamu wote watano, ambao leo tunawaona mahali pamoja kwa macho yetu wenyewe;
Wazazi wenzetu, na nyinyi watoto ambao ndio wenye shughuli:

Wa kuamkiwa tunawaamkia, shikamooni. Waliobaki, hamjambo.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Utepe umeukata vizuri, kwa mkato mmoja, na mkasi tumekwisha kuurudisha kwa fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo kama tulivyomwahidi. Keti, ujinafasi. Pilau iko chumba cha pili. Hiyo harufu inayokuja wala si ndoto, na tunajua kwa siku hizi mchele ulivyo adimu kwamba kila mtu humu ndani anaifikiria. Tutakula wote, Mungu akipenda.

Sisi ni wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka na makaakaa yaliyo wazi. Mitaani watoto wetu wanaitwa mdomo sungura, na hatujui sungura aliwakosea nini watu. Tunatoka Kariakoo, Ilala, Buguruni, na wengine Upanga. Maradhi haya hayaulizi dini wala kabila wala mtu anakaa nyumba ya namna gani. Kati yetu yumo Evarista, mkaanga mihogo wa pembeni mwa soko. Yumo Zahoro, fundi wa vitasa na kufuli. Yumo Bharti wa Upanga, ambaye ndiye aliyetuchapia risala hii kwa taipu ya duka la mumewe, herufi moja moja, huku mwanawe amelala mapajani.

Anayekusomea ni Awadhi, mnadi wa samaki, babu wa mmoja wa wagonjwa. Hakuchaguliwa kwa hekima. Alichaguliwa kwa sauti, maana tuliambiwa kipaza sauti kimeazimwa na idara nyingine.

Kabla ya kuendelea, lipo jambo dogo la kueleza. Risala hii, kama ilivyo desturi, ilipelekwa kwanza ofisini kwa Ndugu Katibu ili aipitie. Aliipitia kwa kalamu nyekundu. Sehemu ya Matatizo, iliyokuwa kurasa tatu, aliikata yote.

"Mgeni rasmi hasomewi matatizo," alituambia. "Mgeni husomewa mafanikio. Matatizo mnaniletea mimi."

"Tumekuletea miaka mitatu, Ndugu Katibu," tukasema.

"Na mimi nimeyapokea," akajibu.

Sisi ni watu watiifu. Matatizo tumeyaondoa. Yale yaliyokuwamo humo tumeyahamishia kwenye Mafanikio, kwa kuwa kurasa zilikwisha chapwa na karatasi haipatikani.

HISTORIA

Jopo la Wataalamu lilizaliwa miaka minne iliyopita. Bingwa wetu wa upasuaji alirudi kutoka masomoni ng'ambo na wazo jema, na hapa hatufanyi mzaha. Alisema uso wa mtoto si shamba la daktari mmoja. Anayeshona mdomo lazima ajue meno yatakuja kuota wapi. Anayetazama meno lazima ajue masikio yana usaha au hayana. Anayefunga kaakaa lazima amsikilize atakayemfundisha mtoto kutamka, na wote wamsikilize Bibi Lishe, maana mtoto ambaye maziwa yanamtokea puani hana nguvu ya kuvumilia kisu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tusiosoma tulilielewa jambo hilo siku ileile, tukapiga makofi.

Basi likawekwa sharti. Hakuna mtoto atakayefungwa kaakaa mpaka wataalamu wote watano wamwone kwa kikao kimoja na kutia sahihi katika karatasi moja. Watano ndiyo akidi. Wanne si akidi. Na sharti hilo lina sababu yake, tena ya machozi. Yupo mtoto wa Ilala aliyefungwa haraka kabla ya hapo, masikio yake hakuna aliyeyatazama, homa ikapanda na mshono wote ukaachia. Hatulicheki sharti. Tunacheka kilicholifuata.

Kilicholifuata ni kalenda. Masikio ni Jumatatu. Upasuaji ni Jumanne. Lishe ni Jumatano. Meno ni Alhamisi. Mwalimu wa matamshi, mwanamke msomi aliyefundishwa kwa miaka miwili namna ya kumfundisha mtoto kusema, alipewa Ijumaa, ila chumba hakupewa, na kwa kuwa hakuwa na chumba alikabidhiwa stoo ya mashuka aisimamie kwa muda. Muda huo unaendelea. Mashuka ya hospitali hii, mgeni rasmi, huenda sasa yanatamka vizuri kuliko wanetu.

Na Jopo lenyewe lilipangiwa kukutana Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi. Ili tusikuchoshe na wingi wake tutakueleza ya mzazi mmoja tu, Ndugu Evarista, yule pale aliyevaa kanga ya kijani. Mwenyewe ametukubalia. Amesema, "Semeni tu, mimi aibu ilikwisha kwenye foleni."

Evarista alikuja mjini kutoka Masasi akiwa bibi harusi wa Ignasi, mchukuzi wa magunia. Wanakaa Buguruni, chumba kimoja. Alipojifungua Klara, mkunga alimfunika mtoto uso, akakaa kimya kidogo kabla ya kusema ni wa kike. Kimya kile Evarista anakisikia mpaka leo. Majirani walikuja kumpa pole badala ya hongera. Mmoja alimweleza kwamba bila shaka alimcheka sungura akiwa mjamzito. Evarista alijitahidi kukumbuka, asikumbuke. Hajapata kumwona sungura Buguruni. Kule kuna panya, na panya hawachekeshi.

Alimlisha mwanawe kwa kijiko, amemkalisha wima, tone kwa tone, nusu likishuka tumboni na nusu likirudi puani, na kila kijiko akiomba asipaliwe. Mtoto hakufa. Tunaliandika hilo kuwa fanikio la kwanza, nalo ni la Evarista peke yake.

Klara alipotimiza miezi mitano alishonwa mdomo. Mdomo hauhitaji akidi, kwa hiyo ulishonwa. Bingwa, tunakuvulia kofia: mshono ule ni wa fundi, sharti umsogelee mtoto ndipo uuone. Wale wa pole sasa walirudi na hongera. Evarista alidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Klara alianza kusema, na maneno yakapita puani kwa sababu juu ya ulimi wake hapana paa. "Mama" analisema sawasawa, maana neno hilo hata kwetu sote hupitia puani. "Baba" akilisema linatoka "mama." Ignasi, mwanamume anayebeba gunia la mahindi mgongoni asubuhi hadi jioni, anaitwa mama na binti yake, naye anaitika. Alimwambia mkewe siku moja, "Si kitu, najua ananiita mimi." Kisha akatoka nje akakaa barazani mpaka chakula kikapoa.

Bingwa aliandika kwa mkono wake katika cheti cha Klara, na hapa tunasoma kama ilivyo: "Kaakaa lingefaa kufungwa kabla ya miaka miwili. Lisivuke minne. Baada ya hapo mtoto atakuwa amezoea kusemea puani, na kumrudisha itakuwa kazi kubwa isiyo na hakika." Wakati huo Klara alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Cheti kikakunjwa kikatiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na Evarista akaanza safari yake ya siku tano.

Foleni ya hospitali, mgeni rasmi, hupangwa alfajiri, nayo hupangwa kwa mawe kama foleni za sukari na sabuni. Mtu haketi kwa muda wa saa sita na mihogo yake inamsubiri sokoni. Unaweka jiwe lako, unakwenda kwenye shughuli, unarudi jua likipanda. Jiwe la mtu haliguswi. Hata wezi wa Kariakoo, ambao hawana wanachokiheshimu, wanaheshimu jiwe la foleni. La Evarista ni lile la rangi ya buluu. Ignasi alilipaka rangi iliyobaki kwenye mlango wa mwenye nyumba. Jiwe lile limelala mlangoni pa madaktari wetu siku nyingi kuliko daktari yeyote.

Jumanne alimwona bingwa wa upasuaji. "Masikio yanatoa usaha. Yapone kwanza, ndipo nifunge kaakaa."

Jumatatu akamwona daktari wa masikio. "Hayatapona kaakaa likiwa wazi. Lifungwe kwanza."

Jumatano akamwona Bibi Lishe. "Uzito hautoshi. Chakula kinapotea puani. Akifungwa atanenepa."

Akarudi Jumanne. "Anenepe ndipo nimfunge."

Alhamisi akamwona daktari wa meno, mtu mpole, aliyemtazama Klara kinywani kwa muda mrefu akasema, "Mimi sina pingamizi, lakini nangoja wenzangu." Ijumaa akaenda stoo. Mwalimu wa matamshi alimpakata Klara juu ya bunda la mashuka, akacheza naye, akamsikiliza kwa saa nzima, halafu akafuta macho. "Niiteni siku Jopo likikaa," alisema. "Nitakuja hata kwa miguu."

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Hilo ndilo lililomkata Evarista maini. Angempata mmoja mwongo angemtukana akapumua. Lakini wote walisema kweli, kila mmoja siku yake, na kweli tano zilikuwa hazijapata kukutana.

Sasa Jumamosi ya Jopo. Evarista alihudhuria Jumamosi ishirini na saba. Kuna aliyekuwa mkutanoni Dodoma, kuna aliyefiwa, kuna aliyeitwa kupokea wageni, kuna ambaye gari lake halikupata petroli. Kulikuwa na Jumamosi ambayo wataalamu wanne walifika, na Evarista akamwendea Ndugu Katibu mbio.

"Ndugu, leo wapo wanne. Si wamtazame tu?"

"Akidi ni watano, dada yangu."

"Aliyekosekana leo ni wa masikio. Jumamosi iliyopita wa masikio alikuwepo."

"Sawasawa. Kwa hiyo ukijumlisha, wote watano wamekwisha hudhuria. Ni fanikio."

Evarista alimtazama. Alilitoa jiwe lake la buluu ndani ya kikapu akaliweka juu ya meza ya Katibu. "Basi na wao waweke mawe," alisema. "Sisi tukiweka jiwe tunahesabiwa tupo. Asiyeweza kuja alete jiwe, akidi itimie, mwanangu afungwe."

Watu walicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Ndugu Katibu hakucheka. Aliandika katika kumbukumbu za kikao: "Mzazi mmoja alitoa pendekezo kuhusu mawe. Liliahirishwa hadi akidi itakapotimia."

Kisha tukaambiwa kwamba tatizo hasa ni chumba. Samahani, tumeteleza, fanikio hasa ni chumba. Jopo halina mahali pa kukaa, likipata chumba litakaa. Tukajitolea. Tulifyatua matofali Jumapili baada ya Jumapili. Mume wa Bharti alitafuta mabati. Ignasi alibeba saruji. Zahoro alitia kitasa cha mlango, akasema kitasa hicho hata yeye mwenyewe hawezi kukifungua bila ufunguo wake. Tukaweka meza na viti. Miezi saba iliyopita chumba kilikuwa tayari, kimepakwa chokaa, kinanukia upya.

Kikafungwa. Chumba hakiwezi kutumika, tulielezwa, kabla hakijafunguliwa rasmi na mgeni rasmi. Kwa miezi saba Evarista alikuwa akipita nje ya dirisha hili na mwanawe mgongoni, anachungulia viti vitano vitupu. Klara alikuwa akivihesabu kwa kidole. Ndivyo alivyojifunza kuhesabu, nalo tumeliandika katika mafanikio ya elimu.

MATATIZO

Hakuna.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ni kawaida katika risala za namna hii kuomba gari, mabati na jokofu. Sisi hatuombi gari. Utusikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Leo Klara ana miaka mitatu na miezi kumi. Jumanne ijayo ipo nafasi katika chumba cha upasuaji. Uzi wa kushonea upo, dawa ya usingizi ipo, kitanda kipo. Sista wa wodi ametuonyesha, anavilinda kama kuku na vifaranga. Jumatano, siku inayofuata, bingwa wetu anasafiri ng'ambo kwa miezi sita. Anakwenda kusomea zaidi kazi ya pamoja. Akirudi, Klara atakuwa amekwisha kuvuka minne.

Kinachokosekana kati ya mtoto huyu na Jumanne ni kikao kimoja na sahihi tano.

Na leo, mgeni rasmi, kwa sababu yako, wote watano wapo! Tumewahesabu walipokuwa wakiingia, na Klara amewahesabu kwa kidole. Daktari wa masikio amefika na tai. Daktari wa meno amefika kabla ya viti vya wageni. Bibi Lishe ameahirisha safari ya Morogoro. Mwalimu wa matamshi ametolewa stoo tangu saa moja asubuhi, maana barua ilisema asiyehudhuria kumpokea mgeni atatoa maelezo kwa maandishi. Kwa ajili ya mgonjwa tuliwatafuta Jumamosi ishirini na saba. Kwa ajili yako wamepatikana kwa barua moja. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tulikuwa hatujawahi kuuona msemo huo ukivaa suti na kuketi mbele yetu.

Ombi letu ni nusu saa. Wamwone Klara sasa, humu humu, wewe ukiwa shahidi. Wa masikio atazame masikio na wa meno atazame meno, wasikilizane kwa sauti, wabishane wakipenda, na bingwa wa upasuaji apate majibu yake yote kabla hajapanda ndege. Wakiona hafai kufungwa, waandike hivyo, wote watano, na sababu. Hatuwalazimishi kusema ndiyo. Tunawaomba waseme neno moja. Evarista amesema hata hapana ataipokea, ila iwe hapana moja, si tano.

Ule mlio uliousikia pale mlangoni nilipokuwa nasoma habari za jokofu, mgeni rasmi, usikushtue. Ni Zahoro. Amefunga kitasa. Si kwa ubaya, na wala si wewe tuliyekufunga. Tumefunga akidi isitoke. Ndugu Katibu, tafadhali keti, dirisha lina nondo. Tulizitia wenyewe.

Ufunguo hana Zahoro. Wala mimi sina. Anao Klara, yule pale juu ya meza, kwenye kiganja alichokikunja. Mama yake amemfundisha tangu juzi ampe mtu wa tano atakayeweka kalamu chini, na hakuna mtu katika chumba hiki anayejua kuhesabu mpaka tano vizuri kuliko yeye. Karatasi ipo mbele yake. Feni isiipeperushe, tumeiwekea jiwe la buluu.

Ikipatikana sahihi ya tano mlango utafunguka, na pilau itapakuliwa ingali moto.

Mungu akuzidishie umri, mgeni wetu, kwa kutukusanyia watu ambao maradhi hayakuweza kuwakusanya. Aibariki mikono ya mafundi hawa watano, ambao tunawateta mchana kutwa na kuwaombea kila tunapowalisha watoto. Ailainishe kalamu nyekundu. Amshike bingwa mkono Jumanne. Na amjalie Ignasi, aliyesimama nje ya dirisha kwa sababu viti havikutosha, siku moja arudi nyumbani na gunia la uchovu mgongoni, aitwe baba.

Daktari wa masikio, leo si Jumatatu, lakini anza wewe.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Watoto wa Midomo na Makaakaa Yaliyopasuka,
Kariakoo, Ilala, Buguruni na Upanga.